Mchango wa Mheshimiwa Jabali

Watu wa Jamhuri ya Kitwea wanasifika kwa mambo mawili: upole wao, na tabia yao njema ya kutouliza swali la pili. Nchi yao imepakana kaskazini na milima, kusini na mto, na pande zilizobaki na majirani wenye wivu. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa darasa la tatu, na hakuna mtoto aliyewahi kulikosa swali hilo. Kwenye bendera yao kuna tai. Kwenye vyeti vya kuzaliwa kuna tai, na kwenye vyeti vya kifo yupo vilevile, ila amekunja mabawa. Na katika Katiba, ibara ya kwanza kabisa, kabla wananchi hawajatajwa, imeandikwa kwamba Jamhuri itadumu maadamu tai yu hai katika bustani ya Ikulu.

Tai huyo aliitwa Mheshimiwa Jabali, na aliyemjua kuliko watu wote ni Daktari Sikudhani, mganga wa ndege wa serikali, mama wa makamo mwenye kovu la kucha kwenye sikio la kushoto. Miaka thelathini na moja nyuma, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, aliletewa kinda mweupe kama pamba na kuamriwa amlee kwa mkono wake, ili akue akiwapenda watu na asiwadonoe wageni rasmi. Akamlisha nyama kwa kibanio, akalala naye chumba kimoja, akamzungumzisha usiku na mchana. Amri ikatimia kupita kiasi. Jabali alikua akiamini kwa moyo wote kwamba yeye ni mtu, na kwamba Daktari Sikudhani ni mke wake.

Kila msimu wa kupandana ulipofika, tai huyo hakuwa na haja na ndege yeyote. Alikuwa na haja na kichwa cha Daktari. Sikudhani naye, kwa kuwa alikuwa mtaalamu, alijitengenezea kofia ya mpira yenye mifereji kuzunguka ukingo. Aliingia bandani asubuhi, akainama mara tatu, akatoa sauti ya koo, kwe, kwe, kwe, na Jabali akamrukia kofiani, akatikisa mabawa, akamaliza shughuli yake na kushuka akiwa ameridhika. Daktari alivua kofia, akavuta matone mawili matatu kwa mrija wa kioo, akayaangalia kwenye hadubini. Mbegu zilikuwa nzima, zikiogelea kama zinakimbilia mahali. Akaandika tarehe, akazimwaga. Hapakuwa na jike wa kumpelekea, na kumtafuta jike kungekuwa kuzungumzia mrithi, na Baba wa Kudumu, Rais wa nchi, alikuwa amekataza kwa sheria mtu yeyote kuzungumzia mrithi wa kitu chochote. Hata somo la mirathi lilikuwa limeondolewa chuo cha sheria.

"Mume mwenzangu hajambo?" aliuliza Mwalimu Khatibu, mume wa Daktari, kila mkewe aliporudi nyumbani.

"Hajambo. Leo kaniletea mguu wa panya."

"Mimi sijawahi kukuletea hata mguu wa kuku. Naona nimeshindwa kihalali."

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, lakini siku ya gwaride la mwaka ule, Mheshimiwa Jabali alidondoka kutoka mkononi mwa askari mbele ya jukwaa kuu. Alianguka kifudifudi, puu! Bendi iliendelea kupiga, maana haikuwa na maelekezo mengine. Daktari alimkimbilia, akamnyanyua, akamkuta yu hai ila amechoka. Alipoinua macho alimwona Baba wa Kudumu amekuwa na rangi ya majivu. Kesho yake sheria ya mirathi ilirekebishwa kwa upande wa ndege tu, na amri ikatoka: mrithi wa Jabali apatikane kabla ya Jubilei, yaani ndani ya miezi mitatu.

*

Kazi hiyo alikabidhiwa Mheshimiwa Ndaro Mapande, Waziri wa Nembo na Heshima ya Taifa, mtu mnene wa sauti nene, ambaye alikuwa hajawahi kugusa ndege aliye mzima. Aliitisha kikao, akamtaka Daktari aeleze.

"Jike yupo," alisema Daktari. "Anaitwa Shangwe. Yuko kituo cha wanyamapori cha Ukingoni, bawa lake lilivunjika, haruki. Anakaribia kutaga, kwa hiyo hasafirishiki. Na Jabali naye hapelekeki kule, maana akimwona tai mwenzake hujificha nyuma ya ndoo. Njia ni moja. Nitakinga mbegu zake hapa, nizihifadhi kwa baridi, niende nikampandikize Shangwe."

Wajumbe wote walianza kukohoa kwa pamoja.

"Neno hilo lisirudiwe," alisema Waziri.

"Neno gani? Kupandikiza?"

"La kabla yake."

Ikaundwa kamati ndogo ya lugha. Ilikaa saa tatu na kurudi na jina: Mchango wa Mheshimiwa. Kisha Waziri akauliza mchango huo hutolewaje, na Daktari akaeleza habari ya kofia, bila kuficha kitu.

"Kichwani pako?" Waziri aliinuka nusu. "Daktari, wewe ni daraja la ngapi?"

"La tisa, Mheshimiwa."

"Tendo la kudumisha Jamhuri haliwezi kufanyika juu ya kichwa cha daraja la tisa! Litafanyika juu ya kichwa changu."

"Mheshimiwa, hakujui. Anaweza kukujeruhi."

"Atanijua. Nitavaa mavazi rasmi."

Kofia ya mpira ikapelekwa kwa fundi, ikarudi imedariziwa uzi wa dhahabu na kibandiko cha ngao ya taifa mbele. Siku ikapangwa. Televisheni ikaja, mabalozi wakakalishwa kwenye viti vya mstari wa mbele, na kwa heshima ya shughuli yenyewe wakaombwa waangalie pembeni inapobidi. Mheshimiwa Mapande akasimama katikati ya banda, akasoma hotuba ya kurasa kumi na moja kuhusu uzalendo wa viungo vyote vya mwili, kisha akainama mara tatu, tumbo likimzuia, akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Kwe! Kwe! Kwe!"

Jabali alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akaruka, akatua juu ya kofia ya dhahabu. Watu wakashika pumzi. Tai akageuka, akainua mkia, akaachia kitu cheupe, kingi, cha majimaji, kilichojaa mifereji yote ya kofia na kumwagikia Waziri hadi kwenye nyusi. Halafu akapaa, akaenda kutua miguuni pa Daktari na kumpa kipande cha mjusi.

"Tayari!" alipaza sauti Waziri, macho kayafumba. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Mabalozi wakapiga makofi, mmoja wao akafuta machozi.

Daktari alisogea, akamnong'oneza: "Mheshimiwa, huu si mchango."

"Ni nini basi?"

"Ni mavi, Mheshimiwa."

Waziri alifungua jicho moja. Lilikuwa jicho la mtu aliyeelewa vizuri kabisa. "Daktari," alisema taratibu, "wimbo wa taifa umeshapigwa."

Basi yakakusanywa. Yakatiwa kwenye vichupa kumi na viwili, vikapigwa muhuri wa lakiri, vikazamishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na mtungi ukafunikwa bendera. Magazeti ya jioni yaliandika kwamba wingi wa mchango uliwashangaza wataalamu wote, na kwa hilo hayakusema uongo.

*

Msafara wa kwenda Ukingoni ulipangwa kuondoka kesho yake saa nne. Alfajiri ya siku hiyo Daktari aliingia bandani peke yake na kofia yake ya zamani ya akiba, iliyotobokatoboka. Aliinama mara tatu. Jabali alichelewa kuitika. Mabawa yalikuwa yakitetemeka kwa uzee, na alipomrukia kichwani Daktari alimsikia akihema. Lakini alijitahidi, na yakapatikana matone matatu. Daktari aliyachanganya na maji ya dawa ya kuyahifadhi, akayatia kwenye kichupa, akakifunga kwa pamba na kukiweka ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kwa ubaridi huo mbegu zingeweza kuishi siku moja, au mbili zikibahatika.

"Ukikamatwa na chupa hiyo utasema nini?" aliuliza Mwalimu Khatibu, akimsaidia kufunga kizibo.

"Nitasema ni uji."

"Uji wa barafu?"

"Wewe nawe una maswali ya pili. Utatufungisha."

Msafara ulikuwa na magari kumi na manne. Mtungi wenye bendera ulipanda gari la kwanza na kupigiwa saluti kila mji. Daktari aliwekwa gari la mwisho pamoja na Kapteni Shomvi, ofisa wa usalama mrefu, mkondefu, aliyekuwa na njaa siku zote kwa sababu kazi yake ilimlazimu kuangalia watu wengine wakila.

"Kuna nini humo, Daktari?" aliuliza mwendo wa saa mbili baadaye, akitazama chupa iliyobanwa katikati ya magoti.

"Uji wangu. Nina vidonda vya tumbo."

Kapteni akameza mate. "Hebu nionjeshe kidogo tu."

Daktari aliibana chupa zaidi. "Ningekupa, mwanangu," alisema, "ila nimeuwekea dawa ya kuharisha. Na gari hili halisimami mpaka la kwanza lisimame."

Kapteni aliitazama chupa, akatazama magari kumi na matatu yaliyo mbele, akaamua kuvumilia.

Walilala njiani, wakafika kesho yake. Shangwe alikuwa katika banda kubwa lisilo na paa, ukingoni mwa jabali la mawe. Asubuhi ile ile alikuwa ametaga yai la kwanza. Kwa tai huo ndio wakati wenyewe, maana yai la pili hufuata siku tatu nne baadaye, na mbegu zikiingia mara tu baada ya la kwanza, la pili hushika. Daktari alimweleza Waziri hayo yote. Waziri alikuwa akisoma hotuba. Aliisoma saa mbili juani, mtungi ukiwa wazi kando yake kwa ajili ya wapiga picha, na kilichokuwa kimeganda kikaanza kuyeyuka na kutoa harufu yake ya asili.

"Endelea sasa, Daktari," alisema alipomaliza, akimkabidhi kichupa chenye muhuri kwa mikono miwili.

Daktari alijua kwamba uchafu ule ukiingia tumboni mwa Shangwe, ndege yule angeoza ndani na kufa kabla ya wiki kwisha. Akaomba itundikwe shuka iwe pazia, kwa kuwa Shangwe alikuwa jike na mila za Kitwea zinamstahi mwanamke. Waziri aliona ni jambo la heshima, akaamuru shuka mbili. Nyuma ya shuka, Daktari aliwamwagia siafu ule Mchango wa Mheshimiwa, akafungua chupa ya chai, akamshika Shangwe kwapani kichwa kikiwa kimefunikwa, na kwa mrija mwembamba akamtilia matone matatu ya Jabali.

"Samahani, mwanamke mwenzangu," alimwambia. "Hata mimi hakuniuliza."

*

Yai la pili lilitagwa siku ya nne. Kwa Waziri hizo hazikuwa habari njema.

"Mrithi ni mmoja," alisema kwa simu. "Yai la kwanza ni la kwanza. Lije Ikulu. La pili liangamizwe, nisije nikasikia habari za mgogoro."

"Mheshimiwa, la kwanza lilitagwa kabla ya kupandikiza. Ni tupu. Lenye uhai, likiwapo, ni la pili."

"Daktari, unataka kuniambia Jamhuri imekosea kuhesabu moja na mbili?"

Yai tupu likachukuliwa kwa helikopta na kuwekwa kwenye kitotoleo cha Ikulu, likilindwa na kanali. Kapteni Shomvi akabaki kushuhudia kuangamizwa kwa lile jingine. Daktari alimkaribisha jikoni kwa mkuu wa kituo, akavunja mayai mawili ya kuku, akatia kitunguu na pilipili hoho, akakaanga kimanda kinene.

"Ndilo hili?" aliuliza Kapteni.

"Ndilo."

"Utaratibu unasema nihakikishe limeangamia lote."

"Hakikisha, mwanangu. Mkate huo hapo."

Kapteni alihakikisha mpaka akafuta sahani kwa kidole. Katika ripoti yake aliandika kwamba yai liliangamizwa kwa moto, na kwamba halikuonyesha upinzani. Huku nje, Shangwe alikuwa ameshalilalia yai lake.

Siku kumi na tano baadaye Daktari alipenyeza taa chini ya yai hilo. Aliona mishipa myekundu imetandaa kama mizizi, na katikati kidoa kikidunda. Alikaa chini kwenye mawe, akacheka peke yake, kisha akalia kidogo, kisha akarudi mjini kumwangalia Jabali.

Jabali alikufa wiki moja kabla ya Jubilei, adhuhuri, kichwa kikiwa mapajani mwa Daktari. Hakuwa na ugonjwa, alikuwa mzee tu. Dakika za mwisho aliinua shingo na kujaribu kutoa ile sauti ya koo, naye akamwitikia, kwe, kwe, mpaka aliponyamaza. Mwalimu Khatibu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimfanyia mzaha, alivua kofia yake, akaenda kutafuta jembe.

Walimchimbia kaburi chini ya mwarobaini. Hawakuruhusiwa kulitumia.

"Mheshimiwa Jabali hawezi kufa kabla ya sherehe," alisema Waziri. Wakaja mafundi, wakamtoa utumbo, wakamjaza majani makavu na kumfunga kwa waya kwenye kiti chake cha heshima. Sherehe nzima hakutingisha hata unyoya, na magazeti yakasifu utulivu wake.

*

Siku mbili kabla ya sherehe hiyo, Waziri alimwita Daktari kwenye chumba cha kitotoleo, akatoa walinzi wote nje. Siku za kuatamia zilikuwa zimekwisha. Daktari aliweka taa nyuma ya yai. Mwanga ulipita ng'aring'ari.

"Ni tupu, Mheshimiwa. Nilikuambia."

Mheshimiwa Mapande alikaa. Sauti yake nene ilikuwa imekwisha. "Daktari, nina watoto sita," alisema. Kisha akavuta kiboksi cha viatu kutoka chini ya meza na kukifunua. Ndani kulikuwa na kifaranga cha kuku, cha njano, kikilia piyo, piyo.

"Dereva wangu amekipata sokoni. Kinahitaji saini yako tu, kwamba ni tai."

"Makinda ya tai ni meupe."

"Huyu ameiva."

Daktari alimtazama yule mtu mnene na kile kifaranga, wote wawili wakimtegemea. Alijua kwamba angeweza kusema neno moja tu: Ukingoni kuna yai lenye uhai, mtoto halali wa Jabali. Angepewa nishani, na pengine daraja la pili. Na kinda yule angeletwa hapa, alishwe kwa kibanio, afungwe mnyororo wa fedha mguuni, akue asijue yeye ni nani, aje ampende mtu ambaye hataweza kumzalia, na akifa ajazwe majani. Alikumbuka miaka thelathini na moja. Kazi ile aliifanya yeye, kwa mkono wake, kwa kuwa aliamriwa.

"Kalamu iko wapi?" aliuliza.

Akaandika: Mimi, Daktari Sikudhani, mganga wa ndege wa serikali, nimemkagua ndege huyu na kuthibitisha kwamba ni tai. Jioni, alipomsimulia mumewe, Mwalimu Khatibu akamwambia, "Basi leo ndipo umehitimu kweli."

*

Tai Mrithi alikua haraka. Mwezi wa tatu aliota kitu chekundu kichwani, na gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa: MRITHI AOTA TAJI. Mwezi wa tano aliwika. Aliwika katikati ya hotuba ya Baba wa Kudumu, mara nne, na baada ya mashauriano sauti hiyo ilitangazwa kuwa mlio halisi wa tai, uliokuwa umepotoshwa na wakoloni. Watoto wa shule wakafundishwa. Bungeni ilipitishwa Sheria ya Tai Mmoja, inayosema kwamba katika mipaka ya Kitwea tai ni yule wa Ikulu na wanaofanana naye, na ndege mwingine yeyote anayejidai kuwa tai ni kuku. Mheshimiwa Mapande alipandishwa cheo. Daktari, kwa kuwa alijua mengi, alipandishwa cheo pia, hadi Ukingoni, mwendo wa kutwa nzima kutoka kwa mtu yeyote wa maana. Alikwenda na mumewe na masanduku mawili.

Kule ndiko alikotaka. Kinda alikuwa ameanguliwa salama chini ya mama yake, na kwa miezi yote hiyo mfanyakazi wa kituo, kwa maelekezo ya Daktari, alipitisha nyama kwenye bomba refu la plastiki ili ndege asione uso wa binadamu. Daktari naye alifanya vivyo hivyo. Alimtazama kwa tundu la ukuta tu. Alitamani kumshika. Hakumshika. Siku kinda huyo alipoliona jicho lake tunduni, alifutuka manyoya yote, akafungua mdomo na kumtishia kwa hasira kali, na Daktari akarudi ndani akimwambia mumewe, "Ananichukia! Mwalimu, ananichukia kabisa!" kwa furaha ambayo Mwalimu hakuwa ameiona miaka mingi.

Kapteni Shomvi aliletwa Ukingoni mwanzoni mwa kiangazi kusimamia utekelezaji wa sheria mpya. Alikuwa na daftari, na kazi yake ilikuwa kuorodhesha kila ndege aliyeonekana angani na kuhakikisha si tai. Asubuhi moja alikuwa amesimama karibu na banda na Daktari, akila muhogo, pale ndege mkubwa alipopanda ukutani mwa banda lisilo na paa. Alikuwa na kishungi, kifua chenye madoa, na kucha kama kulabu. Alichungulia bonde, akajirusha. Alizama kidogo, watu wawili wale wakazama naye mioyoni, kisha upepo ukambeba. Akazunguka mara moja juu ya Shangwe, aliyekuwa akiita kutoka chini, akateremka kama jiwe kwenye miamba na kuinuka na pimbi kuchani. Akapanda tena, juu, juu, akivuka milima ya kaskazini ambako mipaka ya nchi huishia.

Kapteni alikuwa ameacha kutafuna. Alimtazama mpaka akawa nukta. Mkono wake wa kulia, bila yeye kuuamuru, ulikuwa umepanda hadi kwenye paji la uso, na muhogo ndani yake.

"Daktari," alisema hatimaye, akiushusha taratibu na kufungua daftari, "yule ni ndege gani?"

"Kuku," alijibu Daktari Sikudhani.

Kapteni alilamba ncha ya penseli. Aliangalia tena kule milimani, kwa muda mrefu kuliko utaratibu unavyotaka, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri: Kuku, mmoja. Ameruka juu sana.